Kabichi: funueni majani kabla ya kununua dawa

Habari za jioni wanakikundi. Picha za kabichi zilizotobolewa zimekuwa nyingi, Bunju na Kigamboni hasa, kwa hiyo naomba tuelewane kabla mtu hajakimbilia duka la pembejeo.

Geuza jani utazame chini yake. Ukimgusa kiwavi mdogo wa kijani akajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi, huyo ni mtoto wa nondo mgongo almasi. Amekuwa sugu kwa sumu nyingi. Kurudia dawa ileile kila wiki kunamkomaza tu, tena kunaua nyigu wadogo wanaotusaidia kummaliza. Tumieni dawa ya Bt, yaani bakteria wanaoua viwavi, kiwavi angali mchanga, au mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Nyunyizeni jioni, maana jua letu huziharibu haraka, na mlenge upande wa chini.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, vinaondoka kwa maji ya sabuni laini.

Kinachonitia hofu zaidi ni jani lenye njano ya umbo la V kutoka ukingoni, mishipa ikiwa myeusi. Huo ni uozo mweusi na hauponi. Ng'oeni, chomeni, msitie kwenye mboji. Tuta hilo lisipandwe kabichi, chainizi wala sukuma wiki miaka 2 hadi 3. Mchicha na bamia sawa.

Dada aliyeuliza kuhusu vichwa vya kabichi kupasuka: mwagilia kwa kiasi kilekile, usikaushe kisha ukafurikisha maji.

Mwenye mashaka atume picha ya jani, pande zote mbili.