Peni ya 1933 anayouziwa mzee wako ni feki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu maana hili jambo limeniuma sana. Mwezi uliopita nilikuwa Tanga likizo, baba mdogo akanivuta pembeni baada ya chakula akafungua kitambaa, ndani kuna sarafu, peni ya Mwingereza, ile kubwa ya kahawia, imeandikwa 1933. Dalali kamuuzia laki tatu, kamwambia wazungu wa London wanainunua kwa mamilioni, na mzee alishapanga hela yote ni ya kuezeka nyumba. Mimi naishi Birmingham na hizi peni nazikusanya huu mwaka wa kumi na moja, basi roho ilinilipuka kabla hata sijaishika.

Ubaya ni kwamba dalali hakudanganya kila kitu. Peni ya 1933 kweli adimu, mwaka ule mabenki ya Uingereza yalikuwa na peni tele kwahiyo hazikutengenezwa za matumizi, zikapigwa chache sana, nyingine zikawekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo, na zinazojulikana leo hazifiki kumi. Moja ilikuwa kwenye kanisa la St Cross huko Middleton, Leeds, wezi wakaja 1970 wakaondoka nayo, askofu alivyoona vile akaamua ile ya kanisa jingine la Leeds ichimbuliwe iuzwe kabla nayo haijaibwa. Mwaka 2016 moja ilienda mnadani kwa paundi 72,000. Sasa jamani, kitu cha hivyo dalali wa stendi akupe kwa laki tatu?

Nikaomba mizani kwa sonara wa jirani. Peni ya wakati ule ina gramu 9.4 hivi na upana karibu milimita 31, na sumaku haiikamati. Ya baba mdogo ikapita yote, uzito sawa, sumaku haikuigusa, na hapa ndo watu wengi wanapigwa, wanaona imepita mizani wanatoa hela. Kumbe mwili wake ni peni halali kabisa ya 1935, wamechonga tu ile 5 ya mwisho ikawa 3! Nilipoweka lenzi nikaiona, 3 ya kwanza kingo zake zimelainika kwa kupita mikononi mwa watu miaka yote ile, ya mwisho ina kona kali, kichwa kimebana, pembeni mikwaruzo myembamba kama ya sindano, na chini yake shaba imebonyea kidogo, inang'aa wakati kwingine kote imefifia. 3 mbili kwenye sarafu moja na hazifanani.

Zile za kumimina kwenye kalibu ndo rahisi kuzikamata, uso una vipele vidogo vidogo, ukingoni kuna mshono na uzito mara nyingi hautimii. Kuna pia wanaobandika herufi H au KN kushoto kwa tarehe kwenye peni za 1918 na 1919, maana zilizopigwa huku Birmingham kwenye viwanda vya Heaton (H) na King's Norton (KN) zina bei kuliko za kawaida, hapo pia angalia kama herufi imeota kwenye shaba au imekaa juu yake.

Na wazee wetu mnaosugua sarafu kwa ndimu na majivu tafadhali acheni, hata ikiwa orijino mkusanyaji akiona imesuguliwa bei inashuka hapohapo. Wale wenye peni za 1967 pia msipoteze nauli, zilipigwa zaidi ya milioni 650. Vilevile senti kumi zetu za Afrika Mashariki za tundu za 1936 zenye jina la mfalme Edward VIII, zinavutia kweli kwa sababu kwao Uingereza peni yake haikuwahi kuingia sokoni, ila zetu zilitoka kwa mamilioni.

Baba mdogo nilimwambia usiku tukiwa wawili tu barazani. Alikaa kimya muda mrefu, akaifunga tena kwenye kitambaa, akaniuliza kama yule dalali anaweza kurudisha hata nusu. Tumepiga simu yake mpaka leo haipatikani.

Ndugu Mhariri, picha ya ile tarehe ninayo niliyopiga kupitia lenzi, kama mtakubali kuitoa iwe kubwa, zile 3 mbili zionekane vizuri, nitawatumia leo leo.

Mkusanyaji wa sarafu,
Birmingham