Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Ndugu wanachama mnaoishi na magonjwa ya mchochota, yaani kinga kuushambulia mwili wenyewe, wazee wetu shikamooni.

Mapato na matumizi atayasoma Mhazini, kwa hiyo siyagusi. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotusumbua kuliko yote mwaka huu.

Baadhi yetu wenye baridi yabisi waliacha methotreksati, dawa ya kuutuliza ugonjwa huo, baada ya kusikia mtaani kwamba inaleta saratani. Wakarudi kliniki vidole vimekakamaa, magoti yamejaa. Imeniuma, maana hofu yao ina msingi. Ni kweli kwamba mwenye baridi yabisi ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata saratani ya mitoki, yaani tezi za kinga, kuliko asiye nayo. Lakini inatoka wapi? Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba hatari hiyo iliwaelemea hasa wale ambao ugonjwa wao uliwaka kwa muda mrefu bila kutulizwa, na methotreksati haikuonekana kuiongeza. Chembe za kinga zikichokozwa kila siku huzaliana mfululizo, na kila zinapozaliana kosa linaweza kuingia kwenye vinasaba. Anayeacha dawa kwa kuogopa saratani anauachia uwanja ule mchochota wenyewe.

Sisemi kila dawa haina lawama. Azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, huongeza kwa kiasi hatari ya saratani ya ngozi na ya mitoki. Anayeitumia avae kofia pana na mikono mirefu shambani, na alama yoyote mpya ya ngozi aionyeshe kliniki. Kuacha au kubadili dawa ni mazungumzo yako na daktari, si ya kijiweni.

Wenzetu wenye kolaitisi, yaani mchochota wa utumbo mpana, kwenu ninyi hofu ni saratani ya utumbo huo, na cha kuhesabu ni miaka. Ugonjwa ukishafikisha miaka 8 tangu dalili zianze, utumbo mpana wote uangaliwe kwa kolonoskopi, kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, kisha daktari apange lini urudie: wengine kila mwaka, wengine baada ya miaka kadhaa. Aliyeathirika pia mirija ya nyongo huanza mwaka uleule anaogundulika. Ambaye ugonjwa umeishia kwenye puru tu, hatari yake haizidi sana ya watu wengine. Kujisikia mzima si sababu ya kuahirisha. Kipimo husomeka vizuri zaidi ugonjwa ukiwa umetulia.

Akina mama mnaotumia dawa za kushusha kinga, msiruke uchunguzi wa mlango wa kizazi, kwa sababu kinga ikishuka mwili huweza kushindwa kukiondoa kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango huo. Mabinti zetu wana bahati: chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Na Desemba inakuja. Ndugu watapanda kutoka Dar, mbege itapikwa, na kila mwaka huo ndio msimu wa kuruka dozi. Pombe na methotreksati kwa pamoja huliumiza ini. Mwenyeji anayekupenda atakuelewa ukiipokea kata na kuipitisha kwa jirani.

Naomba mkutano upitishe mawili. Kwanza, kila mwanachama aandikishe kwa Katibu mwaka dalili zake zilipoanza, ili tumkumbushe kipimo kinapofika. Pili, sehemu ya ada iwe nauli ya wanaotoka Rombo na Same kuja Moshi kupimwa. Asiyekubaliana na la pili asimame aseme, nitamsikiliza.