Shukrani kwa Fundi Aliyeiokoa Kronografu Yangu

Namshukuru hadharani fundi ambaye hakutaka nimtaje jina. Saa yangu ya zamani ya kronografu, yaani saa inayopima pia muda kwa mshale unaoanzishwa, kusimamishwa na kurudishwa kwenye sifuri kwa vitufe, yenye mtambo wa ndani uitwao Valjoux 72, ilikuwa na mshale huo wa sekunde usiorudi kwenye sifuri, na nilikuwa nimeshauriwa nitafute mtambo mwingine. Yeye alifungua mfuniko wa nyuma, akabonyeza kitufe huku akitazama kwa lenzi, akaona kwamba nyundo ndogo ya ndani inakipiga barabara kile kipande chenye umbo la moyo kinachourudisha mshale kwenye sifuri. Kosa, basi, lilikuwa kwenye mshale uliolegea juu ya mhimili wake. Akaung'oa, akaikaza shingo yake, akaurudisha sawasawa. Nilipomwomba alisugue kasha ling'ae alikataa, kwa kuwa kingo zikishalika hazirudi, na hapo nilimheshimu zaidi. Wakusanyaji wenzangu mnaoujua ufundi huu, msimnyime anayeanza msaada kama huo nilioupata.