Barua kwa mdogo wangu: usitie sahihi kabla hujalala

Mdogo wangu,

Ile sauti uliyonitumia Jumanne usiku nimeisikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilisikia maneno tu: umehamishwa, meza yako amepewa mwingine, shefu, mkuu wako wa kazi, haitikii salamu yako tena. Mara ya pili nikaanza kusikia pumzi. Ulikuwa unavuta hewa katikati ya neno kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani, na kumbe ulikuwa umekaa kitandani kwako. Mwishoni ukaniita yaya, dada yako mkubwa: "Yaya, mubiri yangu inanikatala," mwili wangu unanikataa, ukakata.

Nakuandikia hadharani, bila jina lako wala la kampuni yako, maana najua hapa Lubumbashi, Kongo, hauko peke yako. Wako wengine Kampemba, wako Ruashi, wako kule kwenye njia ya Likasi na Kolwezi, waliosema ukweli kazini na baada ya hapo wakaanza kuumwa. Hakuna aliyewaambia kwamba mambo hayo mawili ni kamba moja.

Unajua nilifanya kazi kwenye mizani ya malori. Usichokijua ni jinsi nilivyotoka pale. Wewe na mama mnaamini niliacha kazi kwa sababu ya tansio, shinikizo la damu, na mimi niliwaacha muamini hivyo kwa miaka yote hii. Leo nakuambia.

Lori lilipopanda mizani, mimi nilisoma uzito, nikauandika, dereva akatia sahihi, likaondoka. Ikafika siku nikaona karatasi zinarudi kutoka ofisini na namba ambazo si za mkono wangu. Nikamwandikia mkuu barua moja, ya adabu. Wiki iliyofuata nikapokea karatasi yangu ya kwanza ya kutakiwa nijieleze, zile ambazo kazini tunaziita demandi. Kwa miezi miwili nilipokea saba. Nimechelewa dakika nne. Sikujibu redio. Nimeandika kwa wino usiotakiwa. Kisha wakanitoa kwenye kibanda cha mizani wakanipeleka kwenye kontena la chuma nyuma ya gereji, bila kazi na bila kiti. Saa nane kwa siku, jua la Oktoba juu ya bati. Wenzangu wakaacha kula na mimi. Sikuwalaumu, nao walikuwa na watoto wa kusomesha.

Tumbo ndilo lililotangulia. Kila asubuhi, hata kabla sijavaa viatu, nilikimbilia chooni. Nikaenda dispansari, wakanipima damu, wakasema tifoidi. Nikameza dawa zote. Baada ya wiki tatu, tifoidi tena. Mara ya tatu nilipoambiwa tifoidi nililia pale pale kwenye benchi. Mji huu una majina mawili ya kila maumivu, malaria na tifoidi, na kile kipimo cha Widal wanachokitumia sehemu nyingi kinaweza kusema unayo hali huna, hasa mahali kama hapa ambapo damu za watu wengi zimekwisha kukutana na vijidudu hivyo. Sikuambii uache kupima. Homa ya kweli inaua, na moyo kwenda mbio unaweza pia kutoka kwenye upungufu wa damu au tezi ya shingo. Pima. Ila ukishameza dawa ya ugonjwa ule ule mara tatu na bado uko vile vile, mwulize daktari swali lingine, na umwambie unafanya kazi wapi na wamekutenda nini.

Baada ya tumbo likaja taya. Niliamka mara nyingi mashavu yakiuma kama niliyetafuna mifupa usiku kucha, mpaka asubuhi moja nikatema mkononi kipande cha gego. Jino hilo halikuwa limeoza. Nilikuwa nimelivunja kwa kusaga meno usingizini.

Na kuna siku ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, sijawahi kumsimulia mtu. Nilikuwa nachagua sombe, majani ya muhogo. Mlinzi alipita nyuma yangu, redio yake ikalia ule mlio mfupi, kriii, kabla mtu hajasema. Mdomo ulikauka papo hapo. Masikio yakaziba. Vidole vikapoteza nguvu, fungu la sombe likaanguka kwenye matope, na nilipopata fahamu nilikuwa nimekaa juu ya gunia la makaa la mama mmoja, naye ananinywesha maji kwa kikombe cha plastiki, anauliza kama nina ugonjwa wa sukari. Ilikuwa Jumapili. Shefu wangu hakuwapo sokoni. Mwili wangu ulikuwa umemwona.

Daktari aliyenielewa, na alikuja kwa kuchelewa sana, alinieleza hivi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo ukiona hatari unaziamuru zimwage adrenalini, na baadaye kidogo kotisoli. Moyo unaongeza mbio, damu inapungua tumboni inakwenda kwenye misuli, ini linatoa sukari, misuli inakazana. Ni kazi nzuri kabisa ukikanyaga njia yenye nyoka: unaruka, nyoka anakwenda zake, na baada ya muda mwili unarudi kama ulivyokuwa. Lakini nyoka wako ana ofisi, mdogo wangu, na wewe unajirudisha kwake kila asubuhi saa moja na nusu kwa sababu ada za shule zinangoja. Mwili haupati nafasi ya kushuka. Ndiyo hapo usingizi unakatika saa tisa usiku, tumbo linachafuka, shingo na mgongo vinakuwa ubao, siku za mwezi zinavurugika, kichwa kinauma upande mmoja, mlango ukigongwa unaruka. Tansio yangu ilifika 17 kwa 10, yaani 170/100, na mimi sikuwa na historia yake. Hali hiyo ikikaa muda mrefu huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Siyo woga, siyo udhaifu wa imani, na nakuomba umsamehe yule shangazi anayesema "balikuloga", kwamba wamekuroga. Anakupenda, anatafuta jina la kitu anachokiona. Endelea kusali, mimi mwenyewe nilishikwa mkono na maombi. Ila usikubali mtu akufungishe chakula siku saba wakati tumbo lako tayari lina vidonda.

Kuhusu jina la ugonjwa, ujiandae. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliandika msongo wa baada ya kiwewe (PTSD), ugonjwa unaobaki baada ya tukio la kutisha, kwenye kitabu chao cha magonjwa, sana kwa sababu ya askari waliorudi kutoka Vietnam. Mpaka leo kitabu hicho kinadai mtu awe amekutana na kifo au tishio lake, jeraha kubwa, au ukatili wa kingono. Kwa hiyo daktari anaweza kukuambia kwamba kunyimwa kiti hakumo, akaandika jina jingine. Kule Sweden mtafiti Heinz Leymann alitumia miaka mingi kuwachunguza watu waliofukuzwa kazini polepole, kwa kutengwa na kunyanyaswa na kundi, na mwaka 1996 yeye na mwenzake Annelie Gustafsson walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba wagonjwa wao wengi walikuwa na dalili zile zile za kiwewe. Mimi sigombanii jina. Ila ile simu ya usiku uliyoitaja haraka haraka, ya mtu aliyekuambia anajua njia ya watoto wako kwenda shule, usiiache nje ya mlango wa daktari. Hilo ni tishio, na linabadilisha anachoweza kuandika.

Mji wetu unajua mambo haya kuliko tunavyokubali. Tarehe 9 Desemba 1941, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, wafanyakazi wa mgodi waliokuwa wamegoma kudai mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyewasemea, aliuawa siku hiyo. Nafikiri mengi ya yale tunayoambiwa nyumbani, nyamaza, usimwandikie mzungu, chukua mshahara uje, ni maneno ya watu ambao miili yao haikusahau uwanja ule.

Sasa jinsi nilivyotoka. Ilikuwa Alhamisi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimepata usingizi wa saa mbili, labda tatu, na nilikuwa nameza diazepamu, dawa ya kutuliza, ninayonunua kidonge kimoja kimoja kwenye famasi ya barabarani. (Usiiguse. Inakuangusha, haikulazi, na baada ya wiki chache mwili unaidai. Miongozo ya madaktari kuhusu kiwewe inashauri dhidi yake.) Afisa wa wafanyakazi akaniita, sauti laini, akaniwekea Fanta mezani. "Mama, umechoka, tunakuonea huruma. Ukiandika mwenyewe utaondoka kwa heshima." Karatasi ilikuwa imekwisha pigwa chapa. Iliandikwa kwamba naacha kazi kwa hiari, kwa sababu za afya. Nikatia sahihi. Nakala ninayo mpaka leo na nikiitazama siutambui mkono wangu, herufi zimelala upande mmoja kama zilizopigwa na upepo. Nilichotaka saa ile ni kitu kimoja tu, kulala.

Hakuna aliyenifukuza. Walinichosha mpaka mwili wangu ukawafanyia kazi hiyo.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema wazi kwamba kumshtaki mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mtu akifukuzwa bila sababu halali anaweza kupewa fidia, isiyozidi mishahara ya miezi 36. Ila aliyeandika "naacha kwa hiari" atadai nini? Kwa hiyo wakikupa karatasi, yoyote, sema utaisoma nyumbani. Wakisema ni leo hii, hilo lenyewe ni jibu. Na kabla ya mahakama ya kazi lazima upitie kwanza kwa mkaguzi wa kazi mkapatanishwe. Nenda kwake mapema, ukiwa bado mfanyakazi.

Nunua daftari. Andika tarehe, saa, walichofanya, na chini yake mwili ulifanya nini: "Jumatatu, demandi ya tatu, nimetapika mara mbili, sikulala." Ukiandika hivyo kwa mwezi, daktari ataona anachohitaji kuona, na mkaguzi pia. Daktari huyo asiwe wa kampuni. Wa kwangu wa kampuni aliniambia wanawake wa ofisini hawazoei vumbi.

Matibabu yapo na yanafanya kazi. Yale yenye ushahidi mzuri ni ya kuzungumza na mtu aliyesomea kiwewe, wiki baada ya wiki, mkilirudia jambo lenyewe polepole mpaka mwili ukubali kwamba limepita, au angalau kwamba liko nje ya chumba hicho. Hapa mjini kuna kituo cha Dr Joseph Guislain cha Mafrateri wa Upendo. Najua watu wanasema pale ni pa wazimu. Mimi nilipoingia kwa daktari wa akili kwa mara ya kwanza nilijifunga kitambaa mpaka machoni nisijulikane, na kwenye foleni nikamkuta dereva niliyekuwa nampimia lori lake. Alinisogezea nafasi kwenye benchi. Hatukuulizana kitu.

Bado naruka nikisikia redio ya mlinzi. Lakini sasa napata usingizi wa saa sita kwa usiku, na gego liliwekewa jingine.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakungoja pale njia panda ya Carrefour, upande wa teksi za kwenda mjini. Njoo na daftari, na zile demandi zote, hata uliyoichana, tutaiunganisha. Simu ya kazini iache nyumbani. Na usisahau kula bukari, ugali wetu, kabla ya kutoka, hata matonge mawili.

Yaya wako