Jumla ya mvua ya mwaka haitoshi kupima athari za tabianchi Dodoma

Ndugu Mhariri,

Tathmini nyingi za athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wetu huegemea tarakimu moja: mvua ya mwaka ilikuwa milimita ngapi. Kwa Dodoma, inayopata takriban milimita 500 hadi 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, tarakimu hiyo peke yake inapotosha. Mvua ileile ikigawanyika vizuri huivisha mtama na alizeti. Ikimwagika kwa vishindo vichache, Februari ikapita kavu, mkulima hana cha kuweka ghalani.

Kongwa, wilaya ya mkoa wetu, ni shahidi. Ujumbe wa Waingereza wa mwaka 1946 ulikagua ardhi kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, kisha mpango mkubwa wa karanga ukaanza. Mvua zilipokatika, udongo ukakauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikuchimbika. Mwaka 1951 mpango ukafutwa.

Chukua zabibu. Tangu kupogoa, yaani kukata matawi ili mzabibu uchipue upya, hadi kuvuna ni kama miezi minne, na mkulima wa Mpunguzi au Hombolo huchagua tarehe ya kupogoa kwa kuhesabu nyuma kutoka mwezi wa mavuno. Mvua ikinyesha maua yakiwa wazi, kichala hushika punje chache. Ikija zabibu zikiwa zinaiva, hasa baada ya ukavu, mizizi hunywa maji kwa kasi kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Punje hupasuka na kuoza, na sukari hupungua. Mnunuzi wa kusindika mvinyo ana haki ya kuzikataa. Majani yakishinda na maji, ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, huingia. Salfa iliyopulizwa kuzuia ubwiri unga, ukungu wa aina nyingine, nayo huoshwa, na gharama ya dawa hurudi mara ya pili. Hasara yote hii inaweza kutokea katika mwaka ambao ripoti itauita wa mvua nzuri.

Hata hivyo, mvua kubwa isiandikwe kuwa hasara tupu. Maji ya chini ya ardhi ya bonde la Makutupora, yanayotegemewa na jiji, hujazwa zaidi na miaka michache ya mvua kubwa, kama ilivyokuwa wakati wa El Niño ya 1997/98. Mvua inayoozesha zabibu Machi ndiyo inayoweza kujaza kisima kitakachomwagilia mavuno ya Agosti. Anayefanya tathmini apime pia kina cha maji kisimani, mwanzoni na mwishoni mwa kiangazi.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo ya gharama. Kila kijiji kiwe na kipima mvua mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo cha mti au nyumba hiyo, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Nafasi ikiachwa tupu, hakuna atakayejua kama haikunyesha au msomaji hakufika, na daftari zima linapoteza thamani. Pembeni ziandikwe tarehe za kupogoa, kuchipua, kutoa maua na kuvuna, kilo zilizouzwa na, muhimu zaidi, kilo zilizotupwa. Hizo za mwisho hazionekani kwenye stakabadhi yoyote.

Umri wa mizabibu na bei ya msimu viandikwe pia, maana shamba kuukuu hupunguza mazao hata hali ya hewa ikiwa njema. Na msimu mmoja mbaya hauthibitishi mabadiliko ya tabianchi. Ulinganishwe na wastani wa miaka 30 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Wasiokuwa na shamba wasisahauliwe. Zabibu zikiharibika, kibarua wa kupogoa, kupalilia na kuvuna hukosa ujira papo hapo, na hana mzabibu wa kumpa mavuno ya pili. Kaya yake iulizwe kati ya Januari na Machi, miezi ya njaa: siku ngapi za kazi, milo mingapi kwa siku, mbuzi wangapi wameuzwa na kwa bei gani. Ukiuliza Juni, chakula kimeshaingia na majibu hubadilika.

Tunaziomba halmashauri za Dodoma, Chamwino na Bahi zifunge vipima hivyo kabla ya Novemba, na wasomaji wawili wafundishwe kila kijiji, ili mmoja akiugua daftari lisikatike.

Mdau wa kilimo cha zabibu,
Dodoma