Ilinisukumisha jenereta hadi Raskazone

Mhariri,

Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya. Ila ile habari yenu ya wiki jana, kwamba vijana wetu hapa Tanga wanakosa kazi kwa vile Kiingereza hakipandi, imenichokoza. Mmelaumu mwanafunzi, mkalaumu mwalimu. Anayeandika hicho Kiingereza hamkumgusa.

Mimi nakodisha viti na spika, Ngamiani. Mwezi uliopita ofisi moja ilinipa kazi ya semina Raskazone. Jumatano saa nne usiku ikaingia meseji: "Thursday seminar has been put off." Sisi tumekua tukiambiwa "put off the light", yaani zima taa. Nikajua basi, umeme wa pale umekatwa. Alfajiri nikapakia jenereta kwenye guta, na petroli lita tano, kijana wangu anasukuma jasho linamchuruzika. Kufika, geti limefungwa. Mlinzi anapiga mswaki, ananiambia na mapovu mdomoni, "Mzee, hukuambiwa? Wameahirisha." Wameahirisha! Mlinzi analijua, mimi nalijua, na aliyetuma meseji analijua, maana kwao ni Muheza hapo! Mjukuu wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenifungua macho: taa ni "turn off" au "switch off", moto ni "put out", nguo ni "put on", kumvumilia mtu ni "put up with", na "put off" ni kuahirisha, ila pia ni kumtoa mtu hamu. Kitenzi kile kile, ukigusa mkia tu maana imehama nyumba. Waingereza siwalaumu; nasi tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia. Lakini hatumtumii Mwingereza meseji ya kupiga deki saa nne usiku tukategemea asubuhi asikosee njia.

Nilipodai hela ya guta nikaambiwa "nifanye follow-up". Nimekwenda mara nne, mhusika yuko "field". Ukutani kwao wamebandika bango la Siku ya Kiswahili, 7 Julai, limeshapauka.

Napendekeza hivi: atakayemtumia tena Mtanga mwenzake "put off", alisukume lile guta kutoka Ngamiani hadi Raskazone, saa saba mchana, na kwenye kila nguzo ya umeme asimame aseme "imeahirishwa" kwa sauti. Jenereta nitamkopesha bure.

Mkodisha spika,
Ngamiani, Tanga