Kaka, vyungu vya binti yako visipakwe rangi

Kaka yangu,

Shikamoo. Wifi hajambo? Sisi huku Tanga ni wazima.

Picha za mradi wa mwanetu, ile friji ya vyungu, nimezipata, na ujumbe wako pia: unataka fundi avipake vyungu rangi ya mafuta vipendeze siku ya maonyesho ya shule. Nakusihi, usifanye hivyo. Ile friji inapoza kwa sababu udongo wake uko wazi. Chungu kidogo kimekaa ndani ya kikubwa, katikati pana mchanga uliolowa. Maji yanapenya kwenye vitundu vya udongo mpaka nje, upepo unayakausha, nayo yakikauka yanaondoka na joto. Ndivyo mtungi wa bibi ulivyokuwa ukitupa maji ya baridi bila umeme. Ukiviziba vitundu kwa rangi, mtoto atabaki na pambo tu.

Nasikia mwalimu wake kasema huo si ubunifu, vyungu viwili vilishabuniwa. Ni kweli. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, alivieneza vijijini kwao miaka ya 1990 na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex. Bilinganya zilizokuwa zikiharibika baada ya siku 3 zilikaa mpaka siku 27. Lakini hata yeye alizaliwa kwenye ukoo wa wafinyanzi, vyungu alivikuta.

Alichobuni mwanetu ni ile chupa, kaka. Iangalie vizuri. Ni chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kupinduliwa, kizibo kimetobolewa kwa sindano ya moto, inadondoshea mchanga tone moja moja. Wifi akishinda gengeni mpaka jioni, anakuta mchanga bado umelowa. Mtoto kaifikiria mwenyewe, maana ndiye anayetumwa kumwagilia kila mara, na ndiye anayemwona mama yake akitupa mafungu ya mchicha yaliyonyauka. Mimi nimefurahi kupita kiasi.

Kwa hiyo hela ya rangi inunue vipimajoto viwili, kimoja kikae ndani ya chungu na kingine nje kivulini. Fungu moja la mchicha liingie kwenye friji, jingine la asubuhi ileile libaki kwenye sinia. Aandike nyuzi za joto za asubuhi, adhuhuri na jioni, na aandike pia siku ambazo mambo yamekwenda vibaya, hizo asizifute. Usimwandikie wewe. Waamuzi watamuuliza yeye, na mtoto aliyefanya kazi kwa mikono yake humjui akijieleza!

Halafu mweleze kuhusu hewa. Huko kwenu Dodoma kiangazi ni kukavu na kuna upepo, maji yanakauka upesi. Huku pwani hewa imejaa unyevu, friji hiyohiyo itapoza kidogo sana. Akichaguliwa kwenda kuionyesha Dar es Salaam, vipimo vyake vitashuka. Ajue sababu mapema asije akadhani kakosea.

Kama vipimajoto ni ghali niambie, nitakutumia kwa simu. Mchanga uchekechwe, na chungu kikubwa kikae juu ya mawe matatu ili upepo upite chini. Akijaza jedwali la wiki ya kwanza anipigie, hata kama ni usiku.

Dada yako